Baba Alitugawia Herufi

Kambi ya Salamabila, 8 Februari 1953

Mkubwa wangu, yaya Bulaimu,

Leo ni mwaka mmoja na miezi minne tangu nilipotoka Wamaza na mkeka wangu kichwani, nikakuacha umesimama kwenye njia ya shamba la mihogo, mikono umeifunga kifuani. Najua ulikuwa na hasira. Labda bado unayo. Hata hivyo pokea salamu zangu, wewe na shemeji, na majirani wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia. Mimi ni mzima kiasi. Nina kikohozi kidogo, lakini hapa kila mtu anakohoa. Imekuwa kama namna yetu ya kuitikia. Posho ni mchele na samaki wa chumvi. Mvua imebomoa daraja, kwa hiyo sijui barua hii itakufikia lini.

Jean-Baptiste, mwalimu wa dini, wewe unayemsomea kaka yangu maneno haya, nakusalimu na wewe. Usisome mbio. Kaka yangu hapendi kusomewa mbio.

Mwanangu Feza hajambo? Tangu mama yake afariki, sina wa kumshukuru ila wewe na shemeji. Nasikia Jean-Baptiste atafungua darasa kanisani mwezi wa Septemba, na wasichana wataruhusiwa. Naomba Feza aingie.

Sasa utaniuliza kwa nini, na hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Unakumbuka siku ile baba alipotugawa? Alituweka mbele yake, akasema: "Bulaimu ataenda kwa mwalimu wa Kurani, huyu mdogo ataenda kwa mapadri. Mmoja atajua maneno ya mbinguni, mwingine atajua karatasi za Bulamatari, hawa wazungu wa serikali. Hapo hatutadanganywa juu wala chini." Wewe ukajifunza herufi za Kiarabu, mimi hizi za mapadri. Nilisoma miaka michache, nikarudi kulima. Nikapewa jina Zéphirin, wewe ukaendelea kuniita Shabani. Hayo ndiyo niliyoyapata.

Hapa kazi yangu ilikuwa kubeba changarawe kutoka shimoni na kuimwaga kwenye mfereji wa mbao. Maji yanaosha udongo, dhahabu inabaki chini. Kazi ya mgongo, haihitaji kusoma. Kisha kapita wetu, msimamizi wa shimo, akagundua kwamba najua kusoma. Yeye hajui. Sasa kila asubuhi ananipa karatasi, nami nasoma kwa sauti majina ya watu ambao jana hawakujaza kipimo chao, ili wapigwe fimbo. Kwa ajili hiyo nimepunguziwa safari za kubeba. Yaya, kweli ndiyo kazi ambayo mapadri walinifundishia a, e, i, o, u? Na kama ndiyo, kwa nini bado nataka mtoto wangu afundishwe? Sijui. Nataka tu.

Mdogo wako,
Zéphirin


Wamaza, mwezi wa Rajabu, kwenu mnauita Machi 1953

Kwa mdogo wangu Shabani,

Baada ya salamu na kumshukuru Mungu, sisi ni wazima. Shemeji yako aliumwa na mguu, sasa anatembea. Mbuzi mweusi amezaa. Karanga zimestawi, ila nguruwe mwitu wanazitaka kuliko sisi.

Nakuandikia kwa herufi zangu, kwa kuwa zako sizijui na sitaki kumpa Jean-Baptiste kalamu pamoja na ulimi. Ismaël, mtu wetu aliyeko kambini kwenu, anazijua, akusomee. Msalimie, kaka zake hapa Wamaza hawajambo.

Shabani, barua yako imenichoma. Jean-Baptiste alikuja nayo hapa barazani, akasimama kama mtu anayetangaza habari za serikali, watu wakajaa. Nikasikia mdogo wangu akiniamuru mbele ya majirani kwamba Feza atiwe maji ya ubatizo kabla ya Septemba, aitwe Marie-Thérèse, ndipo aingie darasani. Hukuniomba. Umeniamuru! Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni ulipokuwa na ndui. Ungeweza kuniomba.

Na lile jina Feza ni la mama yetu. Ukimwita mtoto, unamwita mama. Nikimwita Marie-Thérèse, namwita nani?

Baba alikutuma upande ule ili uturudishie kitu. Umeturudishia nini? Ulirudi na kaptura moja na tabia ya kubisha hodi kwenye nyumba uliyozaliwa. Halafu ukaondoka tena. Mimi nilijifunza sura za Kurani, nikabaki, nimezika baba, nimezika mama, nimemzika mke wako. Sikuhitaji karatasi.

Tena kuna jambo lingine juu ya mtoto. Siwezi kuliandika.

Mkubwa wako,
Bulaimu


Kambi ya Salamabila, 3 Mei 1953

Yaya Bulaimu,

Salamu kwako na kwa shemeji, na pole kwa mguu. Nimefurahi kwa mbuzi. Hapa mvua inapungua, shimo limeanza kukauka, vumbi litaanza.

Yaya, mimi sikuandika ubatizo. Sikuandika Marie-Thérèse. Niliandika "naomba", na niliandika "aingie". Hilo ndilo lote. Nimekaa juu ya ndoo yangu siku ya Jumapili nikijaribu kukumbuka kila mstari, nikaanza kujitilia shaka mimi mwenyewe, kama mtu aliyelewa jana anayeambiwa alichosema. Lakini sikuandika.

Jean-Baptiste, ndugu yangu, kama uliongeza maneno, tafadhali acha. Lakini sasa naona upumbavu wangu: nitajuaje kama utausoma mstari huu?

Na wewe, yaya, ni jambo gani la mtoto usiloweza kuliandika? Ismaël alipofika pale alisimama, akausoma mstari tena, akaniangalia. Nilimwuliza: "Iko mgonjwa?" Akasema: "Haikuandikwa mgonjwa." Nikamwuliza: "Iko mzima?" Akasema: "Haikuandikwa mzima pia. Mimi nasoma kilichoko, sipigi ramli." Tangu siku hiyo chakula hakinipiti vizuri. Niambie.

Nikueleze kuhusu huyu Ismaël, ujue anayekusemea ni mtu wa namna gani. Wiki mbili zilizopita kapita alinipa karatasi, nikasoma majina, na la nne lilikuwa la Ismaël. Nilikuwa nimeshalitamka kabla sijalielewa. Mdomo ulifika kabla ya akili. Akaenda, akalala kifudifudi, akapigwa. Jioni nilikwenda kwake nikiwa na aibu, sikuwa na barua ya kusomewa. Akaniambia: "Ingia, wewe. Nikikuchukia, nani atakusomea kaka yako? Na wewe ukinikimbia, nani ataniita asubuhi kwa sauti nzuri namna ile?" Wote mle ndani wakacheka, na mimi nikacheka, lakini sijui tulicheka nini.

Baba alisema hatutadanganywa juu wala chini. Tumesoma wote wawili, yaya, na hatuwezi kusomana. Mgeni mmoja anakusemea kwangu, mgeni mwingine ananisemea kwako.

Niambie habari za mtoto.

Zéphirin


Wamaza, mwezi wa Shawali, Juni 1953

Kwa mdogo wangu Shabani,

Tumemaliza mfungo salama. Feza alifunga siku tatu kwa kushindana na watoto wa jirani, siku ya nne tukamkuta jikoni na muhogo mdomoni. Basi ni mzima, usihangaike.

Barua yako imesomwa. Ilikuwa fupi kuliko unavyoandika siku zote. Katikati Jean-Baptiste alikohoa, akageuza karatasi, akasema, "Hapa anasalimu tena." Sikusikia jibu lako juu ya ubatizo. Kwa hiyo umenyamaza. Nami nanyamaza.

Lile jambo nitalisema kwa kadiri ninavyoweza. Kuna watu wamekuja kumwulizia mtoto. Si kwa sasa, akikua. Wanataka neno tu, wafunge njia mapema. Ni watu wa hapa, tunawajua. Siwezi kuwasema kwa wema wala kwa ubaya katika barua hii. Nimewaambia baba yake yuko hai, wangoje. Lakini wanakuja kila Ijumaa, na shemeji yako ameishiwa na karanga za kuwakaangia.

Halafu nikuulize, maana usiku na mchana nalifikiri: huyu mtoto akijua kusoma, atasoma nini hapa Wamaza? Atamwandikia nani?

Bulaimu


Kambi ya Salamabila, 19 Julai 1953

Yaya,

Sasa nimechanganyikiwa kabisa. Nimefurahi kwamba ni mzima. Lakini Ismaël aliposoma kuhusu watu wanaomwulizia Feza, alitabasamu kama mtu aliyepewa chumvi. Akasema, "Watu wema hao, Zéphirin. Watu wema kabisa." Nikamwambia, "Kaka hakusema wema wala ubaya." Akasema, "Wewe hujui kusoma. Huo ndio wema wenyewe." Kwa nini Ismaël afurahi kuliko baba wa mtoto? Nimemwuliza, akaanza kushona suruali yake.

Sitaandika mengi. Nimeona kwamba maneno yangu yakiwa mengi, yanapata marafiki njiani. Nayaandika machache na makubwa:

FEZA AENDE SHULE.
FEZA ASIAHIDIWE MTU.
ASIBATIZWE MPAKA YEYE MWENYEWE AULIZWE.

Umeniuliza atasoma nini, atamwandikia nani. Nilikuwa na jibu zuri jana nikibeba changarawe. Nilikuwa nitasema: mtu aliyesoma habebi. Nikainua macho, nikaona karani wa ofisi, aliyemaliza masomo yake yote, anabeba viatu vya bibi wa mzungu kuvipeleka kwa fundi. Jibu likanitoka. Kisha nikafikiri: mtu aliyesoma anaheshimiwa. Nikakumbuka ile karatasi ya asubuhi. Wananiogopa, yaya. Si heshima. Wanaume wakiniona na karatasi wanaangalia miguu yao.

Basi sina sababu ya kukupa. Lakini ukinizuilia jambo hili, nitaumia, na nitashindwa kukueleza naumia wapi.

Zéphirin


Wamaza tarehe 22 Novemba 1953

Zefirini mdogo wangu

Barua hii naandika mimi Bulaimu kwa mkono wangu kwa herufi zako. Usimpe Ismaël. Usimpe mtu. Nenda ukae peke yako usome taratibu kama mimi ninavyoandika taratibu. Nimeanza siku ya Alhamisi, leo ni Jumapili.

Nikwambie ilivyokuwa. Yale maneno yako makubwa, Jean-Baptiste aliyasoma na yalikuwa machache kweli. Lakini nilimwona macho yake yanatembea mara tatu na mdomo wake unasema mara mbili. Nikasema moyoni, huyu ana mstari mmoja bado tumboni. Nikaona sitapata usingizi.

Septemba nikampeleka Feza darasani. Sikutaka mtoto wa kike apite msitu wa njia ya kanisani peke yake, basi nikamsindikiza, na kwa kuwa kurudi nyumbani na kwenda tena ni kuchosha miguu, nikakaa nyuma kwenye benchi. Siku ya kwanza watoto walicheka mpaka mmoja akaanguka. "Mzee Bulaimu, umerudia darasa?" Mwingine akasema, "Mwacheni, anatafuta mke." Jean-Baptiste akasema, "Mzee, hapa hakuna nafasi ya Waislamu wanaozeeka." Nikamwambia, "Basi fikiri mimi ni benchi." Nikabaki.

Herufi zako si ngumu. Ni chache na zimesimama mbalimbali kama watu waliogombana. Feza ananishinda. Jioni ananiuliza, baba mkubwa, hii ni nini? Nikikosea anapiga makofi.

Nilipoweza kuunganisha maneno nikatoa barua zako zote nilizoziweka kwenye mfuko wa tumbaku. Nikachukua ile ya Februari. Nikaisoma asubuhi mpaka jua likawa kichwani. Nikatafuta neno ubatizo. Halimo. Nikatafuta Marie-Thérèse. Halimo. Nikakuta umeandika NAOMBA. Nikaweka kidole juu ya neno lile, shemeji yako akaja akaniuliza kwa nini sili.

Mdogo wangu, nilikukasirikia miezi mingi kwa maneno ya mtu mwingine.

Nilikwenda kwa Jean-Baptiste na barua mkononi. Nikamwambia, nionyeshe humu maji ya ubatizo yako wapi. Hakuona haya hata kidogo. Akasema, "Mzee, Zéphirin ni Mkristo. Mimi nilisoma alichopaswa kuandika." Nikamwambia, kuanzia leo utafundisha watoto, barua zangu niachie. Amekubali. Bado ananiita benchi. Feza hajabatizwa, ameulizwa, amesema atafikiri baada ya kumaliza daftari.

Sasa lile jambo. Wanaomtaka Feza ni watu wa kaka mkubwa wa Ismaël, kwa ajili ya mwanawe. Ungetaka niandike namna gani, na Ismaël ndiye anayekusomea? Nikisema siwataki, nampiga usoni katika nyumba yake. Nikisema nawataka, naongopa. Nikanyamaza, nawe ukafikiri mtoto amekufa. Nimewaambia sasa, binti yuko shule, hatuna neno mpaka amalize. Wamekasirika, lakini Ijumaa hawaji tena na karanga zetu zimebaki.

Nilikuuliza atamwandikia nani. Sijapata jibu lote. Lakini Feza ameandika jina lake kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, FEZA, na shemeji yako ambaye hasomi chochote amekataza mtu kulifuta. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Sijui. Jikoni sasa tuko wawili hata mtoto akitoka."

Kuna kitu unanificha pia. Kikohozi ulikitaja mara moja, tangu hapo hukukitaja tena. Niambie.

BULAIMU


Salamabila, 20 Desemba 1953

Yaya Bulaimu,

Usishangae. Hizi ni herufi zako, na mkono ni wangu. Nilianza kujifunza kwa Ismaël mwezi wa saba, siku ile alipoanza kushona suruali nisipate jibu. Nilimwambia nataka kujua dua. Ananifundisha vizuri na ananitukana vizuri. "Zéphirin," anasema, "hiyo ni be au ni mtumbwi umepinduka?" Mkono wangu ulizoea kusukuma maneno mbele, sasa lazima uyavute nyuma. Nimeharibu karatasi nyingi. Ukikuta neno halisomeki, lisome kwa huruma.

Barua yako niliisoma peke yangu kando ya mfereji. Sikuwahi kusikia sauti yako tangu nitoke Wamaza mpaka siku ile. Uliponiandika Zefirini, sikujua nicheke au nifanye nini. Ismaël simlaumu. Alikuwa anampenda kaka yake kama mimi ninavyokupenda wewe. Siku atakayosikia kwamba kaka yake amenyimwa neno, nitakuwa sina uso wa kumpa. Bado sijamwambia.

Sasa nakwambia yale ambayo sikuweza kuyaandika kwa herufi nyingine, kwa sababu Jean-Baptiste anakula meza moja na watu wa serikali.

Kikohozi si kidogo. Kifua kinawasha kama nimemeza pilipili, na asubuhi nikitema naona wekundu. Daktari wa kambi alisema nipumzike, kapita akasema kupumzika hakumo kwenye mkataba. Na ile karatasi ya majina nimeirudisha. Sikufanya ushujaa. Nilisimama mbele ya watu, nikaiangalia, nikasema, "Leo sioni vizuri." Kapita akasema, "Jana uliona." Nikasema, "Jana niliona, leo sioni." Amenirudisha kwenye kubeba changarawe. Majina sasa anasoma kijana mwingine aliyetoka shule ya mapadri mwaka jana, na ana sauti nzuri kuliko yangu. Kwa hiyo sijamsaidia mtu yeyote. Fimbo ni zile zile. Nimefanya hivyo tu ili mdomo wangu upumzike.

Unaona bado sijui kusoma ni kwa ajili ya nini. Kumenipa karatasi ile, na kumenipa barua yako. Herufi ni zile zile. Nikijaribu kutenganisha, kichwa kinauma. Labda Feza atajua. Labda hatajua pia, lakini atajua mwenyewe, si kwa kuambiwa na Jean-Baptiste, wala na Ismaël, wala na mimi.

Mkataba wangu unaisha siku ya mwisho ya Januari. Wanataka niandike jina langu kwa miaka mingine. Sitaandika. Nitatoka hapa Februari mosi asubuhi, nipitie barabara ya Kabambare. Zamani ningefika haraka. Kwa kifua hiki nitakwenda polepole na kulala njiani. Nitafika Wamaza tarehe kumi Februari 1954. Mwambie Feza aiandike kwa mkaa ukutani, chini ya jina lake. Nikichelewa, atajua mwenyewe bila kumwuliza mtu.

Shabani